Rudisheni Fedha za Watoto

Enyi wazazi wa mwambao, mnawaibia watoto wenu, na wizi huo mnauita malezi.

Kila Idi nawaona. Mtoto anavishwa nguo mpya, anapita kwa babu, kwa shangazi, kwa majirani, anapewa mkono wa Idi. Hapa sarafu ya mia tano, kule noti ya elfu, na mjomba aliyerudi kutoka Maskati akatoa elfu kumi. Kabla hajazifikia pembea za Kariakoo Unguja au Tibirinzi kule Pemba, mama keshanyoosha mkono: “Lete nikuwekee, utazipoteza.” Anatoa zote, kwani hakuna anayemwamini duniani kuliko mama yake. Idi pili anauliza, anaambiwa asubiri. Wiki ikipita anauliza tena, anajibiwa kwa ukali: “Na chakula unachokula humu ndani ananunua nani?” Hapo huacha kuuliza.

Abu Daud amepokea hadithi ya mama aliyemwita mwanawe mdogo aje ampe kitu. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Kwa tende! Nyinyi mmechukua elfu kumi kwa ahadi na usingizi mnaupata. Na Surat an-Nisaa imewaamuru walezi wa yatima wawajaribu, na wakiwaona wamepevuka kiakili wawakabidhi mali zao, tena mbele ya mashahidi. Yatima analindwa hivyo. Huyu mwenye baba na mama, mlinzi wake nani?

Wapo wanaomnunulia mtoto kibubu. Mchana wanamsifu kila anapotumbukiza sarafu, usiku wanapenyeza ncha ya kisu kwenye tundu na kuzichokoa moja moja. Siku ya kukivunja, mtoto akishangaa, wanamwambia alihesabu vibaya. Ole wenu! Mmemnyang'anya fedha, kisha mkamnyang'anya na imani katika hesabu aliyoifanya kwa vidole vyake mwenyewe.

Na mdai akipiga hodi, ni huyohuyo mnayemtuma mlangoni akaseme baba hayupo. Akitumwa dukani na chenji ikapungua mia, mnamchapa.

Kesho mkimkuta mbele ya mashine ya kamari uchochoroni, anailisha sarafu za mia mbili, mtalaani simu, mtalaani marafiki, mtalaani zama hizi. Jitazameni nyinyi kwanza. Mtoto aliyeona kwamba kila fedha iliyowekwa hupotea, aweke kwa sababu gani? Somo lenu kalielewa barabara: itumie upesi, kabla mkubwa hajaiona.

Mwacheni ashike fedha yake. Atanunua miwani ya plastiki, itavunjika kabla ya magharibi, naye atalia. Msimnunulie nyingine, wala msimcheke. Idi pili mtamwona anazunguka meza tatu akiuliza bei kabla ya kufungua kiganja. Yule mdogo wa miaka minne anaweza kuchagua baina ya malai na puto. Wa miaka minane anaweza kuambiwa kilo ya mchele ni kiasi gani na kwa nini wiki hii nyama haikununuliwa. Mnawafukuza fedha inapozungumzwa, kisha mnataka wakiwa na miaka ishirini wajue kuitunza.

Mtaniambia: nyumbani hakukuwa na unga, tungefanyaje? Najua njaa ya nyumba nyingi, na sisemi mtoto alale na elfu kumi chini ya mto wake wa kulalia huku wenzake hawajala. Lakini mbona kwa mwenye duka mnajua kukopa? Mnaingia kwa salamu, mnaeleza shida, mnataja siku ya kulipa, na jina lenu linaandikwa daftarini. Mkopeni mtoto vivyo hivyo. Mkalisheni, mwambieni unga umekwisha, mwombeni, naye aandike mwenyewe kiasi na siku. Na siku hiyo ikifika mlipeni mkononi, mbele ya ndugu zake, hata kama yeye ameshasahau.