Ukiulizwa Una Nini Moyoni

Huku Mata salamu haziishi upesi. Watu wakikutana kwenye njia ya kwenda Taveta huulizana habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za maji, za bei ya nyanya sokoni, na kila swali lina jibu lake tayari: nzuri, salama, tunamshukuru Mungu. Nazipenda salamu hizo. Mtu aliyesalimiwa hivyo anajua kwamba ameonekana. Lakini kuna swali ambalo salamu hazilifikii. Huja kwa nadra, hutoka kwa rafiki, na mara nyingi huja usiku au safarini. Wewe mwenyewe unapenda nini? Ukiwa peke yako unawaza nini? Hapo wengi wetu hucheka, tukakohoa, tukageuza maneno. Nimewaona watu wazima, wanaosikilizwa kwenye baraza la chifu, wakikosa la kusema mbele ya swali hilo.

Nataka kulitetea, na zaidi ya hapo niseme kwa nini linastahili kujibiwa. Sababu yangu ya kwanza iko milimani kwa jirani zetu.

Wadawida wa zamani, ambao wengi tunawaita Wataita, hawakukubali kwamba moyo wa mtu ni shauri lake peke yake. Mwanaanthropolojia Grace Harris alifanya utafiti milimani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kuhusu dini yao kikatoka mwaka 1978. Alikuta kwamba nguzo ya dini hiyo ilikuwa tendo moja: kutasa. Mtu alijaza kinywa pombe ya miwa, au maji ya miwa, au maji matupu, akayapuliza nje huku akitamka heri. Mgonjwa apone. Mvua inyeshe. Mifugo izae. Na kwa pumzi hiyohiyo alikuwa akiitoa hasira iliyomo moyoni mwake, kwa kuwa waliamini kwamba hasira iliyofichwa huleta madhara. Mtoto akiugua muda mrefu, familia ilikwenda kwa mwaguzi, naye alitafuta ni moyo wa nani uliokasirika: wa baba, wa shangazi, wa wazee waliokufa, au wa Mlungu mwenyewe. Akitajwa mtu aliye hai, alifuatwa, na alichotakiwa kufanya ni kutasa.

Kinachonigusa zaidi katika imani hii ni kwamba mwenye hasira hakuhitaji kukusudia ubaya. Huenda hata hakujua kwamba amekasirika. Mchukulie shangazi aliyepitwa kwenye mgawo wa nyama siku ya sherehe, akanyamaza kwa heshima, akarudi kwake, akapika, akalala. Hakumloga mtu. Uchawi ulikuwa jambo jingine kabisa, na mchawi hakuwa na wa kumtetea. Huyu alikuwa mtu mwema aliyenyamaza na neno lake. Waliomjia walikuja kwa sababu walihitaji afungue kinywa, na afya ya mtoto wa watu ilitegemea hilo.

Siwaombi wasomaji warudi kwa mwaguzi. Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, mapadri wa Roho Mtakatifu wakafika Bura mwaka 1892, na leo wajukuu wa wale waliotasa wako kwenye kwaya na kwenye mabaraza ya kanisa. Lakini ondoa mizimu yote katika imani ile, na bado kuna kitu kinachobaki kizima. Kisichosemwa hakitulii. Baba mwenye tamaa aliyoizika tangu ujana anajibu watoto kwa mkato, na watoto wanajifunza kutembea polepole akiwa sebuleni bila kujua wanaogopa nini. Mke anayeacha kusema anachopenda hupika vizuri kama zamani, ila nyumba imepoa, na kila mtu anaihisi baridi hiyo. Tunadhani tumeyaweka mambo yetu moyoni, kumbe wenzetu ndio wanaoyabeba.

Makanisa yalituletea kuungama, na kuungama kuna mahali pake. Ila kinachoungamwa ni dhambi. Mtu wa miaka hamsini anayetamani kujifunza kinanda hana dhambi ya kupeleka kwa padri. Anayeamka usiku kufikiria nyota hana wa kumwambia. Sehemu hiyo ya moyo, ya mapenzi na hamu na mambo yanayomfanya mtu ajisikie yu hai, ilibaki bila mlango. Rafiki ndiye mlango wake.

Harris aliandika jambo jingine, katika makala ya mwaka 1957, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuta Taita ugonjwa ulioitwa saka, nao uliwapata wanawake, hasa walioolewa. Mwanamke alishikwa ghafla, mabega yakatetemeka, macho yakawa hayaoni. Kilichomshika kilikuwa kitu kidogo: mlio wa gari, filimbi ya treni, kiberiti kikiwashwa, harufu ya sigara. Reli tunaijua. Ile ya kutoka Voi kuja Taveta ilijengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikapita katika nchi ambayo wanaume waliondoka kutafuta mshahara, na wanawake wakabaki na jembe. Tiba ya saka ilikuwa kumpa mgonjwa alichokitamani, sukari, ndizi, nguo, au kumchezea ngoma ya saka hadharani, yeye akiwa katikati.

Wataalamu wamelieleza jambo hili kwa njia zao. I. M. Lewis, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu watu wanaopandisha pepo, aliiona saka kama silaha ya wasio na sauti: mwanamke aliyenyimwa fedha na nafasi alipata, kwa njia ya ugonjwa, kile ambacho mume asingempa kwa ombi. Nakubaliana naye, lakini naona hakufika mwisho. Sukari huisha. Ngoma ile ilimpa kitu ambacho hakiuzwi dukani: kwa siku moja kijiji kizima kilikusanyika kumtazama na kumuuliza, kwa ngoma na kwa uvumilivu, anataka nini. Swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza akiwa mzima, aliulizwa akiwa mgonjwa. Mwili ulikuwa umechoka kungoja.

Kama mtu anafika mahali pa kutetemeka ili aulizwe, basi kuulizwa kwa upole, na mtu anayekupenda, ukiwa mzima, ni neema. Ajabu ni kwamba neema hiyo tunaikimbia.

Mwaka jana nilikuwa nangoja zamu yangu ya maji pamoja na jirani ambaye tumejuana tangu utotoni. Zamu yetu ilikuwa ya usiku. Anayelima kwa mfereji anajua usiku huo ulivyo: tochi, jembe, magunia ya mchanga ya kuzibia mdomo wa mtaro, shina la mgomba la kuzuia pale gunia linapovuja, na kungoja. Maji yalikuwa bado hayajatufikia. Milima ya Upare ilikuwa weusi mtupu upande wa kusini. Akaniuliza, bila utangulizi, kwa nini mimi huenda Ziwa Jipe asubuhi na mapema ilhali sivui samaki.

Nilimjibu. Nilimwambia kwamba nalipenda ziwa lile kuliko ninavyoweza kueleza. Kwamba nikilala nalifikiria: Mto Lumi unavyoliletea maji kutoka Kilimanjaro pamoja na tope la mashamba yetu, Mto Ruvu unavyoyatoa kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, na mpaka wa nchi mbili unavyopita katikati ya maji ambayo kiboko anayavuka bila pasipoti. Nilimweleza juu ya perege aliyepewa jina la ziwa hili katika vitabu vya sayansi, na jinsi mafunjo yanavyoyala maji yake mwaka baada ya mwaka, hadi mahali ambapo wazee wetu walipitisha mitumbwi leo ni ukuta wa kijani. Nilisema nataka kulijua lote kabla halijafungwa. Niliposikia sauti yangu ikisema hivyo nilishangaa, kwa kuwa hadi dakika ile nilikuwa sijajua kwamba ndicho ninachokitaka. Nilidhani naenda kupunga upepo.

Hakucheka. Alikaa kimya kitambo, akainuka kuangalia mfereji, akarudi. Kisha akasema kwamba yeye hutunga nyimbo. Akipalilia vitunguu huzitunga kichwani, sauti zote nne, na zikikamilika huziacha hapohapo shambani, kwa sababu aliacha shule mapema na mwandiko wake unamtia haya. Nimeishi karibu na mtu huyo maisha yangu yote. Nimekula kwake, nimebeba jeneza pamoja naye. Sikuwahi kujua kwamba nyuma ya uzio wa minyaa kuna kwaya nzima inayoimba ndani ya mtu mmoja. Maji yalipofika tulifanya kazi hadi karibu na alfajiri. Siku hizi yeye huimba, nami naandika kwenye daftari la watoto.

Naandika haya kwa ajili ya kilichotokea katikati ya jibu langu. Tunaogopa maswali ya rafiki kwa kudhani kwamba majibu yamekaa ndani, yamepangwa, na kujibu ni kuyatoa nje watu wayaone. Si kweli. Sehemu kubwa ya moyo haijulikani hata na mwenyewe hadi itafutiwe maneno, na maneno hayatafutwi bila msikilizaji. Augustino wa Thagaste, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, ameeleza katika kitabu chake cha Maungamo jinsi rafiki yake wa ujana alivyofariki, na kwamba kifo hicho kilimgeuza yeye mwenyewe kuwa swali kubwa mbele ya macho yake. Aliiuliza nafsi yake kwa nini ina huzuni, nayo haikujua la kumjibu. Nadhani sababu ni hiyo: aliyekuwa akimsaidia kujibu alikuwa hayupo tena.

Hata hivyo, si kila anayeuliza anastahili jibu. Wapo wanaouliza ili wapate la kupeleka sokoni. Wapo wanaochimba, wakikukata maneno kabla hujamaliza, na mtu wa namna hiyo ukimwambia nzuri, salama, hujamdhulumu. Rafiki wa kweli utamjua kwa jinsi anavyongoja, na kwa kuwa yuko tayari kuulizwa naye. Tena yapo mambo ambayo mtu ana haki ya kuyaacha baina yake na Mungu, hata kwa rafiki. Busara ya mtu mzima ni kujua ni yapi. Kosa ninaloliona kwetu, hasa sisi wanaume, ni kuyafanya yote kuwa ya aina hiyo, hadi mtu anazikwa na wasomaji wa wasifu wake hawana cha kusema zaidi ya shule alizosoma na kazi alizofanya.

Wala jibu si lazima liwe la ana kwa ana. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliyaandika maisha yake kwa staha kubwa, lakini alipofika kwenye kifo cha mkewe Amina, aliweka shairi la kumlilia. Alichagua njia ambayo moyo wake uliweza kupita bila kuvunjika, nasi tukamjua. Mwingine atajibu kwa wimbo, mwingine kwa kumpeleka rafiki yake ziwani na kumwonyesha kwa kidole.

Kwa hiyo nina ombi kwako uliyesoma hadi hapa, nalo linawahusu zaidi mama zetu, kwa kuwa wao ndio wajukuu na vitukuu wa wanawake kama wale waliotetemeka kwa mlio wa treni. Tunawauliza kila siku wanahitaji nini: dawa, unga, nauli, salio la simu. Jumapili hii mwulize mama yako anapenda nini. Atacheka, atasema yuko salama, atakuuliza kama umekula. Usiondoke. Kaa, uulize tena.