KUMNUSURU NDUGU ALIYE DHALIMU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad:

Imepokewa na Imam Bukhari ya kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha Waislamu kumnusuru ndugu yao, akiwa ni dhalimu au akiwa ni mwenye kudhulumiwa. Masahaba wakauliza: huyo dhalimu atanusuriwaje? Wakajibiwa kuwa nusura yake ni kuzuiwa asidhulumu. Basi mwenye kuuzuia mkono wa mwanawe usimpige mtu panga, amewanusuru wawili: yule ambaye angepigwa, na mwanawe mwenyewe.

Jambo hili lahitajiwa mno katika miji ya pwani. Dar es Salaam, mwaka 2015 na tena mwaka 2022, watu waliingiwa na khofu kubwa kwa makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road. Na Mombasa, khasa upande wa Kisauni, vijana wenye mapanga waliwavamia watu, wakawakata na kuwanyang'anya simu na fedha. Miongoni mwao walikuwamo wenye umri wa kwenda shule. Na hao si wageni walioshuka na jahazi. Ni watoto wa mitaa, wana wazazi, na wana majirani waliowajua tangu utotoni.

Watu wasikiapo habari hizi husema: Serikali na iwafunge. Ni kweli kwamba Sharia haikulifanya jambo hili kuwa jepesi. Katika Suratul Maida, aya ya 32, kuua nafsi moja pasipo haki kumefananishwa na kuua watu wote. Na aya ya 33 yataja adhabu kali ya wafanyao uharibifu katika nchi. Lakini aya ya 34 yafuatia papo hapo, nayo yawatoa waliotubu kabla ya kukamatwa. Wanazuoni wamebainisha kuwa haki za waja hazianguki kwa toba hiyo: aliyenyang'anya atarudisha, na aliyejeruhi atadaiwa. Hata hivyo mlango umeachwa wazi. Basi mlango alioufungua Mwenyezi Mungu, yafaaje mtaa kuufunga?

Mwanzo wa kuzuia ni nyumbani. Kijana asiye na kazi aingiapo na simu mpya, yampasa baba aulize imetoka wapi. Akinyamaza kwa kuwa naye amepewa fedha ya sukari, kunyamaza kwake ni mkono wa pili juu ya lile panga. Wala asiulize kwa matusi. Imam Ahmad amepokea ya kuwa kijana mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea, Mtume akamsogeza karibu, akamuuliza kama angeridhia hayo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Kisha akamwekea mkono, akamwombea. Kijana wa panga naye aulizwe vivyo hivyo: je, waridhia mama yako akatwe kwa ajili ya mkoba wake?

Baada ya nyumba ni chuo na baraza. Mwalimu akimkosa mwanafunzi wake, na apeleke mtu kwao. Wazee wa baraza wasimpe kijana jina la mwizi kabla hajaiba. Maana asiye na mahali popote, genge humpa mahali, na cheo, na wenziwe. Seremala na amchukue mmoja amfunze, na nahodha mmoja, na fundi wa magari mmoja. Mtume (S.A.W.) alimpa Usama bin Zaid uamiri wa jeshi naye hajatimiza miaka 20, na chini yake walikuwamo Masahaba wakubwa. Kijana aliyeaminiwa huona haya kuivunja amana.

Na atokaye jela naye ametubu, apishwe katika safu ya sala, wala asinyooshewe kidole. Akikosa safu msikitini, iko safu nyingine yamngojea kichochoroni.

Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wa Waislamu, awape wazazi wao macho ya kuona mapema na ndimi za upole, na awasitiri watu wa pwani na kila shari. Amin.