Asante Tuliyoisahau Wodini

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka minne alipolazwa kwa nimonia. Tulikaa naye hospitali siku tisa, tukipokezana: mmoja wetu usiku, mwingine mchana. Aliporuhusiwa tulifanya kama Walutheri wengi wafanyavyo. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya usharika na bahasha ya sadaka ya shukrani, tukaeleza jinsi Bwana alivyotenda, kwaya ikaimba, tukarudi kuketi. Tuliona tumemaliza.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa, mama ambaye ni muuguzi mstaafu, alitungoja pembeni wakati mnada wa ndizi na kuku ukiendelea. "Baba Mchungaji, tumefurahi mtoto amepona," alisema. "Ila niwaulize jambo. Mgonjwa akipona, mnasema Mungu ametenda. Akifa, mnasema manesi wamemuua. Sasa asante ya nesi iko wapi?"

Tulicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa. Kwa maana nesi alikuwepo, na hatukuwa tumemtaja.

Alikuwa binti mdogo wa zamu ya usiku. Kabla ya kumshika mtoto alisugua viganja vyake mpaka vipate joto. Alichuchumaa ili macho yao yawe sawa, akamwambia, "Nitakuchoma, na itauma. Ukitaka kulia, lia, ila mkono usiutikise." Sisi wazazi tulikuwa tumeshamdanganya mara tatu kwamba haitauma. Baada ya usiku ule mtoto alikuwa akimnyooshea yeye mkono, na sisi akitutazama kwa mashaka.

Martin Luther alifundisha kwamba Mungu hututunza akijificha nyuma ya watu na kazi zao. Aliwaita viumbe hao barakoa za Mungu. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, anapoeleza mkate wa kila siku, haishii kwenye chakula: anahesabu humo afya, serikali njema na hata majirani waaminifu. Kama ni hivyo, anayemshukuru Mungu kwa kumruka nesi hamwongezei Mungu heshima. Anaidharau njia ambayo Mungu mwenyewe ameichagua.

Wapo watakaosema analipwa. Kweli, na mara nyingi analipwa kidogo. Mshahara unanunua dripu iliyowekwa sawasawa na dawa iliyotolewa kwa saa yake. Kusugua viganja hakumo katika mkataba wa mtu yeyote.

Habari ya wale wakoma kumi katika Luka 17 tumeihubiri mara nyingi, na kila mara tumewagombeza wale tisa. Siku hizi tunawaonea huruma. Walikuwa njiani kwenda kwa makuhani kama walivyoagizwa. Walikuwa wanatii utaratibu. Sisi pia tulitii utaratibu: bahasha, ushuhuda, wimbo. Yule mmoja alivunja safari, akarudi mpaka pale alipokuwapo aliyemtendea.

Lakini kuna jambo gumu zaidi, na hatuwezi kulipita. Kitanda cha pili kutoka chetu alilala mtoto mwingine, ugonjwa uleule, oksijeni ileile, nesi yuleyule. Usiku wa sita alifariki. Mama yake alikunja kanga zake polepole, akaweka kikombe cha mtoto juu, kisha akamwendea yule binti akamshika mikono yote miwili. "Asante, mwanangu," alisema. "Ulimhurumia."

Tulipokuwa tukishuhudia kanisani kwamba Bwana ametenda, je, yule mama angekuwa ameketi benchi la nyuma, angesikia nini? Kwamba kwake Bwana hakutenda? Hatuamini hivyo, lakini maneno yetu yalisema hivyo. Tulishukuru kwa uponyaji peke yake, na uponyaji ndicho kitu kilichotutenganisha naye. Huruma hawakunyimwa: viganja vilisuguliwa kwa ajili ya watoto wote wawili.

Kwa nini uponyaji ulikuja kitanda kimoja na si kingine, sisi wachungaji tungefanya vyema kutojifanya tunajua. Luther mwenyewe alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, akiwa na umri wa miaka 13. Alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa furaha, kwa kuwa mtoto alikuwa ameokoka na mateso ya dunia, lakini upendo wa mzazi uliwashinda, wakawa hawawezi bila kulia. Mwalimu wa imani aliyeandika katekisimo! Tunampenda zaidi kwa barua hiyo kuliko kwa mijadala yake mingi.

Mwezi uliofuata tulirudi hospitali, mtoto akitembea mwenyewe. Tulibeba mkungu wa ndizi na barua ya shukrani iliyoandikwa kwa mkono, nakala kwa muuguzi mkuu wa wodi. Tulimkuta yule binti akibadilisha mashuka. Hakutukumbuka. Tangu tulipotoka alikuwa amehudumia watoto wengi mno. Alipokea barua, akaiweka mfukoni bila kuifungua, kisha akachuchumaa mbele ya mtoto wetu akamwuliza alilala kitanda namba ngapi.

"Kile," mtoto akajibu, akionyesha kwa kidole. Kulikuwa na mtoto mwingine amelala pale.