Wanangu wa Mkula, Ogopeni Joto

Wanangu, wengi wenu mko njiani kwenda vyuoni, Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam, na kila mmoja atarudi likizo na kompyuta mpakato begani. Nyingine zitanunuliwa kwa fedha za bumu, nyingine kwa pamba ya baba au dume la ng'ombe lililopelekwa mnadani. Hiyo ni mali ya nyumba nzima, na kitu kinachowahi kufa ndani yake mara nyingi ni betri.

Kuna usia unaozunguka vijiweni: betri mpya ichajiwe saa nane mfululizo, halafu itumike mpaka mashine izime yenyewe ndipo irudishwe kwenye umeme. Msiufuate. Usia huo uliachwa na betri za zamani za nikeli. Mashine za leo zina betri za lithiamu, aina iliyoingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu walioizaa, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Betri hizi huumia zikifikishwa sifuri mara kwa mara. Huumia pia zikikaa zimejaa pomoni, kwa sababu seli iliyojaa husimama kwenye volti 4.2, na huko juu ndiko kemikali zake zinakochakaa upesi. Zichezesheni kati ya asilimia 20 na 80, zitawafikisha mbali.

Lakini adui mkubwa ni joto, na sisi wa Simiyu tunalo la kutosha. Betri ya lithiamu ikihifadhiwa imejaa kwenye nyuzi joto 40, baada ya mwaka mmoja hubaki na takriban asilimia 65 ya uwezo wake, hata kama haikuguswa. Ikihifadhiwa na asilimia 40 ya chaji kwenye nyuzi 25, hubaki na zaidi ya asilimia 95. Sasa fikirieni chumba cha bati mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, madirisha yamefungwa. Fikirieni begi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari wakati abiria wameshuka kula. Maksai hatuwalimishi jua la utosi. Mashine nayo istahiwe hivyo hivyo.

Nawaona mnavyoitumia kitandani, imezama kwenye blanketi, filamu inaendelea na chaja imechomekwa. Geuzeni mashine mwone zile tundu za chini na za pembeni. Hapo ndipo feni inapovutia na kutolea hewa, na blanketi limeziziba. Weka kiganja chini yake. Ikiwa unashindwa kukiacha hapo, izime ipoe. Iwekeni juu ya meza au ubao mgumu. Na kwa vumbi la njia zetu, fundi aifungue na kusafisha feni angalau mara moja kwa mwaka. Gharama yake ni ndogo kuliko betri mpya.

Najua umeme unakatika, ndiyo maana kijana anaiacha mashine kwenye soketi usiku na mchana kwa hofu ya kukosa chaji. Hofu hiyo ina dawa. Mashine nyingi za sasa zina sehemu kwenye mipangilio ya kuzuia chaji isipite asilimia 80. Iwasheni. Siku ya safari, au mkisikia tangazo la umeme kukatwa, ndipo mruhusu ijae. Radi zikianza, chomoeni chaja ukutani. Wenye sola nyumbani watafute chaja ya volti 12 kama ya gari inayolingana na mashine yao, maana inveta hupandisha umeme hadi volti 230, halafu chaja huushusha tena, na kila hatua hula sehemu ya nguvu mliyoivuna juani. Na mkienda kuvuna pamba, mashine ikabaki sandukuni wiki nyingi, iacheni na nusu ya chaji, imezimwa kabisa, mahali penye ubaridi.

Mnaonunua za mtumba, muuzaji asiwadanganye kwa kuonyesha asilimia mia kwenye kioo. Hiyo mia inaweza kuwa mia ya betri iliyokwisha. Kwenye mashine ya Windows fungueni dirisha la amri, andikeni powercfg /batteryreport, kisha msome ripoti inayotengenezwa. Humo kuna ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Ikiwa wa sasa haufiki nusu ya ule wa kiwandani, hesabuni bei ya betri mpya ndani ya bei mnayoambiwa, au muondoke.

Lipo moja ambalo halina mjadala. Mkiona pedi ya kugusa imeinuka, au kifuniko cha chini kimetuna na mashine haikai sawa mezani, betri imevimba. Msiitoboe, msiibonyeze irudi ndani, wala msiichaji tena, kwa kuwa inaweza kulipuka moto. Aliye na mashine ya namna hiyo leo, aizime sasa hivi, aiweke mbali na godoro na watoto, na aipeleke kwa fundi itolewe betri kabla hajaiwasha tena.