Mwenye Nguvu Mpishe?

Miongoni mwa methali tulizorithi kwa wazee wetu imo moja ambayo kwa miaka mingi nimekuwa nikibishana nayo kimoyomoyo, nayo ni ile isemayo: mwenye nguvu mpishe. Hekima yake naielewa. Mtu aliyekutana na ndovu njiani hasimami kudai haki yake ya kupita. Lakini methali hii ni usia kwa mnyonge. Inamfundisha namna ya kusalimika. Mwenye nguvu haimwambii lolote. Je, yeye hana usia wake? Akishajua kwamba kila mtu atampisha, anadaiwa nini na hao wanaompisha?

Swali hili limeulizwa tangu zamani kuhusu wafalme na majeshi. Mimi nataka kuliuliza hapa kuhusu kitu kidogo zaidi, ambacho huenda msomaji akaona hakistahili falsafa: gari la michezo lililokwisha kutumika, ambalo kijana hulinunua kwa akiba yake, kisha akalitia mikononi mwa mafundi ili liende kwa kasi zaidi.

Aliyenitia katika fikira hizi ni mpwa wangu afanyaye kazi Nairobi. Alinipigia simu kunieleza kwamba amepata Subaru Impreza WRX, ya umbo lile lililoanza kutoka kiwandani mwaka 2000, na kwamba anaomba nimkopeshe sehemu ya fedha.

"Mjomba," alisema, "siku za juma nitalitumia kwendea kazini, na Jumapili nitaingia nalo kwenye autokrosi. Si gari la kuchezea barabarani."

Nikamwuliza: "Na hizo nguvu utakazoziongeza kwa ajili ya Jumapili, Jumatatu utaziweka wapi, mwanangu?"

Akacheka, akidhani namtania. Nilimwomba anipe wiki moja nifikiri.

Kwanza yafaa tumtendee haki kijana huyu. Kupenda gari la mbio si upuuzi wala si ugonjwa wa juzi. Nchini Kenya mapenzi hayo yana historia. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, na waliokua wakati wa fahari yake wanakumbuka jinsi watu walivyojipanga kando ya njia kuyangojea magari yaliyofunikwa na matope. Mwaka 1965 zilishindwa na Joginder Singh pamoja na ndugu yake Jaswant, nao hawakuwa na gari jipya la kiwanda bali Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliijua injini kwa mikono yake. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara zote mbili kwa Mitsubishi Lancer. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda Safari kwa Subaru Impreza, na tangu miaka hiyo jina la Subaru limekuwa na uzito wake katika vijiwe vya vijana wa Nairobi. Basi kijana anayetaka Impreza kuukuu anatamani kushika mkia wa hadithi aliyosimuliwa tangu utotoni.

Tena kuna furaha ya ustadi, na hiyo si dhambi. Watu wa Lamu hushindanisha majahazi, na hakuna anayewauliza kwa nini wasisafiri polepole. Binadamu akipewa chombo hutaka kujua kinaweza nini, na yeye mwenyewe anaweza nini ndani yake.

Autokrosi ni mahali pazuri pa kulijibu swali hilo. Ni mashindano ya uwanjani, katika njia fupi ya vumbi iliyopindapinda, ambamo dereva hushindana na saa. Gari hukaguliwa kabla ya kuingia, dereva huvaa helmeti na kujifunga mikanda, na watazamaji huwekwa mbali. Kenya ina hata daraja la watoto, liitwalo Bambino, ambamo mtoto hujifunza kushika usukani kabla hajafikia umri wa leseni. Kwa kuwa kona ni nyingi na nafasi ya kunyoosha mwendo ni ndogo, nguvu tupu hazisaidii sana; anayeshinda ni mwenye jicho la kuona mbele na mguu unaojua wakati wa kuachia mafuta. Akikosea, hujizungusha mavumbini, akarudi na bodi iliyobonyea na hadithi ya kuchekwa.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya uwanja na barabara, nayo si tofauti ya lami na vumbi. Uwanjani kila aliye karibu na hatari ameikubali: dereva ametia sahihi, mwamuzi amejitolea, mtazamaji amekuja kwa hiari yake. Barabarani hakuna aliyeulizwa. Mama anayevuka na kapu lake, mtoto wa shule, mwendesha bodaboda na abiria wake, wote wamo katika mashindano ambayo hawakujiandikisha. Kosa la uwanjani hulipwa na aliyelifanya. Kosa la barabarani mara nyingi hulipwa na mwingine.

Nikatambua kwamba kipimo hiki cha nani analipa chafaa pia kupimia kazi zote anazofanyiwa gari. Mwenye gari husema: gari ni langu, kitabu kina jina langu, nitalifanya nitakavyo. Lakini tazama. Akibadilisha kiti, gharama ni yake na faida ni yake. Akiiongezea injini shinikizo la turbo mpaka ikapasuka, amejivunjia mali yake. Lakini akiondoa ekzosi ya kiwandani ili gari lingurume, anayelipa ni mgonjwa aliyelala ghorofani saa nane za usiku. Akiondoa kichujio cha moshi, anayelipa ni mwenye pafu lililo nyuma yake kwenye foleni. Akifunga taa kali za kuwapofusha wanaomkabili, analipa dereva wa lori anayekuja upande wa pili. Na akiisha kulichosha gari kwa mambo hayo, kisha akalisafisha na kuliuza bila kusema lililofanyika ndani yake, anayelipa ni mnunuzi.

Mnunuzi huyo safari hii alikuwa mpwa wangu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka minane, kwa hiyo Impreza ya umbo lile ukiikuta leo jua imekwisha kukaa humu miaka mingi, na imepita mikononi mwa watu usiowajua. Kununua gari kama hilo ni kurithi tabia za wengine. Mkanda wa taimingi uliopaswa kubadilishwa na haukubadilishwa hauonekani kwa kupaka rangi, nao ukikatika katika injini ya aina ile, vali na pistoni hugongana. Atakayelipa uvivu wa mwenye gari wa kwanza ni mwenye gari wa tatu.

Labda mtu atasema: yote haya huondolewa na neno moja, nalo ni ahadi. Kijana ameahidi kwamba si gari la kuchezea barabarani, mwamini. Namwamini. Lakini kuna kisa cha watengenezaji wenyewe kinachonifanya niulize ahadi inawekwa wapi. Kwa miaka kama kumi na mitano, hadi mwaka 2004, makampuni ya magari ya Japani yalikuwa na mapatano ya kiungwana kwamba gari wanalouza nchini mwao lisitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Magari hayo yaliwekewa pia kizuizi ili yasizidi kilomita 180 kwa saa. Lilikuwa jambo jema. Lakini yalipopimwa na watu wengine, baadhi ya magari hayo yalionekana kuwa na nguvu kuliko zilizoandikwa. Karatasi ilisema 280, na injini ikasema lake. Ahadi ilitunzwa katika maandishi, ikavunjwa chini ya boneti. Nami naona ahadi ya dereva yaweza kuwa hivyohivyo. Iliyo mdomoni peke yake hudumu mpaka jioni ile ambapo barabara iko wazi na gari jingine limepita likinguruma. Ahadi iliyo imara zaidi ni ile iliyofungwa kwa bolti ndani ya gari lenyewe.

Tena kuna hesabu ambayo haibembelezwi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mpaka wa sheria ya Kenya ndani ya miji, gari hupita mita 14 hivi kwa kila sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 100 hupita mita 28. Lakini nguvu za mgongano haziongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne, na umbali wa kusimama tangu breki zishike nao huwa mara nne hivi. Sifa kuu ya Subaru ni kwamba magurudumu yote manne yanavuta. Hilo humsaidia dereva kuondoka. Halimsaidii kusimama, kwani breki za magurudumu manne kila gari linazo. Basi gari hili hukupa ujasiri wa kuanza bila kukupa uwezo zaidi wa kuacha. Na yule mama mwenye kapu hana kifaa cha kupimia mwendo. Amezoea jinsi gari la kawaida linavyomkaribia, naye huvuka kwa mazoea hayo. Gari lililoongezwa nguvu linamdanganya, hata kama mwenyewe hakukusudia.

Hata Safari yenyewe ilijifunza somo hili. Kwa miongo mingi ilikimbizwa katika barabara zilizo wazi kwa watu wote, ambamo dereva wa mashindano aliweza kukutana na matatu, ng'ombe au lori. Baada ya mwaka 2002 ikatoka katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na iliporudi mwaka 2021, kandokando ya Naivasha, ilirudi katika njia zilizofungwa. Wapo wanaosikitika kwamba ladha ya zamani imepotea. Mimi naona kilichopotea ni kile tu kilichokuwa kikikopwa kwa wasioulizwa.

Wiki ikaisha, nikampigia mpwa wangu. Nilimwambia fedha nitampa, lakini kwa utaratibu wa kazi. Kwanza mkanda wa taimingi na vyote vinavyokwenda nao. Kisha breki: pedi, mipira yake na mafuta mapya. Kisha tairi nzuri, shokomzoba na bushi. Kisha kiti kinachomshika dereva, na mikanda. Ekzosi ibaki kama ilivyotoka kiwandani, na injini isiongezwe kitu mpaka amemaliza msimu mmoja mzima uwanjani. Springi nazo zisiwe ngumu kupita kiasi, kwa sababu gari gumu hupendeza katika kona za uwanjani, lakini katika barabara zetu za mashimo hurukaruka, na tairi iliyo hewani haishiki chochote.

"Mjomba, wenzangu watanishinda," akasema.

"Kwa sekunde ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Basi hizo sekunde ndizo zaka yako."

Alinyamaza kidogo, akaniambia atafikiri, na siku mbili baadaye akaniambia amekubali.

Neno lile lilinitoka bila kulipanga, lakini kila nikilitazama naona ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta. Mwenye mali akitoa zaka hafanyi ukarimu. Anatoa kilicho haki ya wengine ndani ya mali yake. Kwamba kimekaa katika sanduku lake hakukifanyi kuwa chake. Na nguvu nadhani ni hivyo hivyo. Mwenye gari moja la kazi mbili hawezi kuwa wa kwanza uwanjani bila kuwa mzigo barabarani. Lazima akubali kupungukiwa upande mmoja. Swali la maadili si kama anapenda mwendo, bali ni upande gani amechagua kupungukiwa. Akichagua kupoteza sekunde mbili uwanjani, ametoa cha kwake. Akichagua kuziokoa, atakuwa amezichukua kwa mama yule mwenye kapu, ambaye sekunde mbili kwake ni nusu ya barabara.

Wazee waliosema mwenye nguvu mpishe walikuwa wakitaka wanyonge wasiangamie. Kwa hilo niko pamoja nao, na mtoto anayekwenda shule nitamfundisha hivyohivyo: likija gari la kasi, jitenge. Lakini kijana anayeketi nyuma ya usukani hana haja ya methali hiyo, na akiishika atadhani imetungwa kwa ajili yake. Yeye afundishwe upande wa pili, ambao wazee pengine walidhani hauhitaji kusemwa: mwenye nguvu ndiye apishe, kwa kuwa ndiye pekee mwenye uwezo wa kuchagua.