Krosi ya Ginola na Ulimi wa Kocha

Kisa cha David Ginola husimuliwa kwa mawinga chipukizi ili wajifunze kutuliza mpira dakika za mwisho. Ni funzo la haki, silipingi. Lakini ukikifuata kisa chenyewe hadi mwisho, utaona kwamba anayestahili kukalishwa chini na kufundwa zaidi ni kocha, pamoja na kila aliyekabidhiwa kuongoza wenzake.

Ginola alizaliwa 1967 huko Gassin, kusini mwa Ufaransa. Akaanza soka ya kulipwa Toulon, akapitia Racing ya Paris na Brest, kisha 1992 akatua Paris Saint-Germain. Alikuwa mrefu, mwenye nywele ndefu zilizomfanya atambulike hata kutoka jukwaa la mbali. Alicheza winga ya kushoto ilhali mguu wake wenye nguvu ni wa kulia, na wala ule wa kushoto haukuwa wa kusindikiza. Hapo ndipo mabeki walipoteseka. Akipokea mpira karibu na mstari alimpa beki mgongo, akaukinga mpira kwa mwili wake mkubwa, kisha akainamisha bega upande huu na kutokea upande ule. Ukimzibia njia ya ndani, alishuka hadi mwisho wa uwanja akapiga krosi kwa kushoto. Ukimzibia nje, alikata ndani na kuachia shuti kwa kulia. Silaha yake kubwa haikuwa mbio. Ilikuwa subira ya kumngoja beki aamue kwanza, kisha kumwadhibu kwa uamuzi wake. Msimu wa 1993/94 PSG ilitwaa ubingwa wa Ufaransa naye akiwa mmoja wa nguzo zake.

Sasa tazama timu ya taifa. Katika kufuzu Kombe la Dunia la 1994, Ufaransa ilibakiza mechi mbili, zote nyumbani Parc des Princes, na pointi moja tu ilitosha kuwapeleka Marekani. Tarehe 13 Oktoba 1993 wakaja Israel, timu iliyoshika mkia katika kundi, ambayo Februari mwaka huohuo Wafaransa waliifunga 4-0 ugenini. Ufaransa ikaongoza 2-1, goli la pili akilifunga Ginola mwenyewe. Kisha wakaruhusu goli dakika ya 83, na jingine muda wa nyongeza. Wakalala 3-2. Kipigo hicho ndicho kilichoifanya mechi ya mwisho iwe ya kufa na kupona, lakini hakuna mchezaji aliyetwishwa mzigo wake peke yake.

Tarehe 17 Novemba wakaja Bulgaria. Bado sare ingetosha. Eric Cantona alifunga dakika ya 32, Emil Kostadinov akasawazisha dakika tano baadaye. Dakika ya 69 kocha Gérard Houllier alimtoa Jean-Pierre Papin, akamwingiza Ginola. Kabla ya mechi hiyo Ginola alikuwa amelalamika kwenye vyombo vya habari kwamba Papin na Cantona wanapendelewa, kwa hiyo aliingia uwanjani kukiwa tayari na kinyongo kati yake na benchi. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. Mchezaji mwenye manung'uniko ayapeleke kwa kocha, mlango ukiwa umefungwa.

Muda ukiyoyoma, Ufaransa ikapata faulo karibu na kibendera cha kona, upande wa kulia. Ginola akapasiwa. Hapo kila mwanasoka anajua la kufanya: kaa na mpira palepale kwenye kona, mpe beki mgongo, akikusukuma chukua faulo nyingine. Na hiyo ndiyo kazi aliyoimudu kuliko wengi. Badala yake alipiga krosi ndefu kumtafuta Cantona. Mpira ukapita juu, Wabulgaria wakauchukua na kuupandisha, Lyuboslav Penev akampenyezea Kostadinov pasi ya juu, naye akafyatua shuti kali lililogonga mtambaa panya kwa chini na kuzama nyuma ya kipa Bernard Lama. Dakika ya 90. Ufaransa nje. Bulgaria wakaenda Marekani, wakaitoa Ujerumani na kufika nusu fainali.

Naomba msomaji aurudie mkanda huo taratibu. Kutoka pale krosi ilipopigwa hadi wavuni ni takriban uwanja mzima. Kulikuwa na viungo wa kuukata mpira, mabeki wa kumkaba Kostadinov, na hata mtu wa kufanya faulo ya makusudi katikati ya uwanja. Miongoni mwa waliovaa jezi ya Ufaransa usiku huo walikuwa Didier Deschamps, Marcel Desailly, Laurent Blanc na Emmanuel Petit. Goli lile lilikuwa la timu nzima.

Houllier hakuliona hivyo, au hakutaka kuliona hivyo. Mbele ya waandishi alimnyooshea kidole Ginola, akaifananisha krosi ile na kombora lililopiga moyo wa soka ya Ufaransa, na akasema ni uhalifu dhidi ya timu. Nina hakika alikuwa na uchungu. Lakini kocha hulipwa hasa kwa ajili ya saa kama hiyo. Alichopaswa kuwaambia waandishi ni neno moja: tumefungwa. Mengine yalikuwa ya uwanja wa mazoezi: nani alikuwa na Kostadinov, nani aliacha nafasi yake, na kutoka benchi alipewa maagizo gani winga aliyeingizwa zikiwa zimebaki dakika ishirini. Swali hilo la mwisho linamrudia kocha mwenyewe, na huenda ndiyo maana makocha wengi hulikimbia.

Houllier alijiuzulu, Aimé Jacquet akashika nafasi yake. Ginola alizomewa viwanjani katika nchi yake mwenyewe. Alihamia Newcastle 1995, na mwaka huohuo ukawa wa mwisho kwake katika timu ya taifa, akiwa na mechi 17 tu.

Mtu ataniambia kwamba Ufaransa ilitwaa Kombe la Dunia 1998 bila yeye. Ni kweli, na Jacquet alikuwa na haki ya kuchagua kikosi chake. Ila tazama waliolinyanyua kombe hilo: Deschamps nahodha, Desailly na Blanc nguzo za ulinzi, Petit mfungaji wa goli la tatu katika fainali dhidi ya Brazil. Wote wanne walifungwa na Bulgaria. Wao walipata karibu miaka mitano ya kurekebisha usiku ule bila mtu kuwaita wahalifu.

Na uwezo wa Ginola haukwisha. Mwaka 1999, akiwa Tottenham iliyomaliza nafasi ya 11, wachezaji wenzake wa Uingereza walimchagua mchezaji bora wa mwaka, na waandishi wa soka nao wakamchagua, katika msimu ambao Manchester United ilibeba makombe matatu. Machi mwaka huo, robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Barnsley, aliuchukua mpira kushoto, akawatoka mabeki mmoja baada ya mwingine hadi ndani ya boksi na kufunga goli pekee la mechi. Siku chache baadaye alitwaa Kombe la Ligi pale Wembley.

Wakati huo Houllier naye alikuwa Uingereza, akiinoa Liverpool, ambako baadaye alifanikiwa. Wote wawili walifanikiwa, na bado jambo lile halikuisha. Mwaka 2011 Houllier alimtaja tena Ginola kwa neno kali katika kitabu. Ginola akamshtaki kwa kumvunjia heshima, na 2012 mahakama ikaitupilia mbali kesi hiyo, zaidi ya miaka 18 baada ya mechi.