Chombo Kilichochakaa: Kitengenezwe au Kipumzishwe?

Chombo kidogo cha muziki, kile kinachochukuliwa mfukoni, kikizeeka, mwenyewe hujiuliza: nikipeleke kwa fundi, ama nikiache? Swali ni dogo, lakini latufundisha namna ya kutumia vitu.

Kwanza, tukumbuke asili yake. Nchi yetu ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, nayo hutiwa katika betri nyingi za vyombo hivi. Kule Kolwezi wako waichimbao kwa mikono yao, na wengine wamefukiwa na udongo wakafa. Basi, kutupa chombo kizima kwa kuwa betri peke yake imechoka ni kudharau jasho la mwenzako. Betri ibadilishwe.

Pili, chombo kisiwe bwana wetu. Nyimbo za Mwenda Jean Bosco zilinaswa mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Santuri nyingi za wakati ule zimekwisha chakaa, lakini nyimbo zingali zasikika katika vyombo vingine. Kwa hiyo, matengenezo yakitaka kula fedha za masomo ya mtoto, chombo kipumzike. Sehemu zilizo nzima apewe fundi, azitie katika kingine. Lakini betri iliyovimba isitobolewe wala isitupwe motoni, maana huweza kulipuka.

Ukiamua, pima mambo mawili: jasho la aliyechimba, na haja ya nyumba yako.